Boti Iliyokuwa ya Wote

Sura ya Sita

Boti ilikuwa imelala ubavu kwenye mchanga wa Kibirizi, na wanawake wa dagaa hawakuona sababu ya kuupisha upelelezi. Walianika samaki wao mpaka kwenye viatu vya Inspekta Honorata, wakamwomba asogee kidogo, na alipochelewa kusogea wakaanika wakamzunguka.

Ubavuni palikuwa na jina MSHIKAMANO kwa rangi ya buluu, na chini yake nembo tatu: ya halmashauri, ya kampuni ya mwekezaji na ya umoja wa wenye boti wa Ujiji. Rangi ilikuwa mpya bado. Jumamosi boti hii ilibeba mawakala wa safari kutoka Arusha na Dar es Salaam, waliokuwa wakipelekwa kaskazini kwenye milima ya sokwe, na kabla haijalipita rasi maji yakaanza kuingia. Wageni walikuwa na majaketi ya kuelea. Wavuvi wakawaopoa mmoja mmoja. Nahodha, Ikram, kijana wa Ujiji, alishuka chini ya sakafu ya mbao na mablanketi kujaribu kuziba. Boti ikapinduka yeye akiwa chini. Walimzika Jumapili.

"Afande," alisema Sajenti Bariki, "mkuu ameuliza tena kama jalada limekamilika. Anataka mtu apandishwe kizimbani kesho asubuhi."

"Kwa kosa la kuua?"

"La kuua kwa kukusudia."

Mtu huyo alikuwa Asumani Lubunga, fundi wa boti kutoka Fizi, aliyevuka ziwa na mkewe vita vilipochacha huko kwao. Jalada lilieleza vizuri. Asumani ndiye aliyeijenga MSHIKAMANO. Mradi wa utalii ulipozinduliwa jina lake likaondolewa, kwa kuwa mkimbizi anayeishi mjini bila kibali hawezi kutajwa kwenye mradi ambao serikali imo. Akaweka kinyongo. Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya safari, alionekana kando ya boti ameshika patasi, na patasi hiyohiyo iliokotwa mchangani. Aliyemwona ni Mzee Swaibu, mwenyekiti wa wenye boti, baba wa marehemu Ikram. Nani angembishia baba aliyetoka kuzika? Honorata alikuwa amefanya kazi hii muda wa kutosha kuwa na wasiwasi na majalada yasiyobishiwa.

Alipiga magoti akapitisha kidole kwenye maungio ya mbao. Hapo ndipo inaposindikwa kalafati, yaani pamba inayozuia maji yasipenye. Kwa urefu wa mikono miwili pamba ilikuwa imetoka, inaning'inia.

"Ndipo alipochokoa," alisema Bariki.

"Njoo uone. Mtu akichokoa kwa chuma, ncha itakwaruza mbao. Mkwaruzo uko wapi?"

Bariki alitafuta. Haukuwepo.

"Na rangi hii. Imeganda juu ya pamba yenyewe, imetoka nayo vipande vipande. Wametia pamba, wakapaka rangi, kisha pamba ikatoka na rangi yake. Hii haikuvutwa na mtu. Imesukumwa."

"Na nani?"

Honorata alikata nyuzi kidogo kwa kisu. Ya ndani kabisa ilikuwa ya kahawia, imelowa mafuta ya mawese, inanata. Ya juu yake ilikuwa nyeupe, kavu, haijaguswa na mafuta.

"Watu wawili," alisema. "Wa kwanza alikuwa na mawese na muda. Wa pili alikosa vyote."

Wote wawili walikuwa watu wa milimani, yeye wa Kasulu, Bariki wa Kalinzi, na habari za boti walizijua kwa kuzipanda tu. Lakini Honorata alikulia shambani. Nyumbani kwao jembe likilegea kwenye mpini, mama yake hulitia kwenye ndoo ya maji na kulisahau hadi kesho yake. Mti huvimba, chuma hushika. Akaitazama tena ile pamba nyeupe. Mti uliokauka ukabaki na nyufa, mtu akazishindilia pamba, kisha mti ukatiwa majini. Ungevimba. Na pamba ingekwenda wapi kama si nje?

"Kabla ya Jumamosi boti hii ilikuwa wapi?" aliuliza.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa alijibu bila kuinua kichwa. "Ilikuwa mjini inatazamwa, mama. Sie huku tuliiona Ijumaa, imeletwa na lori."

*

Meneja wa mradi, Leodgar, alikuwa na ofisi karibu na stesheni ya reli. Ukutani palikuwa na ramani ya mwambao iliyochomekwa pini za rangi. Alikuwa hajanyoa, na macho yake yalionyesha kwamba usingizi umemkimbia. Honorata alikuja akiwa tayari kumchukia, akashindwa.

"Hizi pini ni nini?"

"Ndiyo kongano lenyewe, Afande, biashara zote kwa pamoja." Neno hilo alirudi nalo kutoka semina, na alilipenda. "Mgeni akishuka kwenye treni leo, anakula hotelini, analala hotelini, anaondoka. Tukasema hapana. Alale kwenye nyumba za wageni Rusimbi. Aende Simbo aone mawese yanavyokamuliwa. Ale samaki wa migebuka Ujiji, kwa akina mama, azungushwe kwenye nyumba za kale. Apande boti ya wenyeji. Mwambao mzima uwe duka moja. Baadaye, vita vikitulia, tuunganishe na wenzetu wa ng'ambo."

"Na mwenye duka ni nani?"

"Sote. Ni ubia. Halmashauri ilitoa mbao na kibali cha ufukwe. Kampuni ikatoa injini, na kutafuta wateja ni kazi yetu. Wenye boti wakatoa ufundi na nahodha."

"Boti ilikaa wapi?"

"Uwanjani, mbele ya ofisi za halmashauri. Tuliipeleka kwa ajili ya Nane Nane. Watu wakaipenda, viongozi wakaomba ibaki mpaka mawakala waje."

"Juani."

"Uwanja ule hauna mti."

"Kazi ya kuitunza ilikuwa ya nani?"

"Uwanja ni wa halmashauri," alisema Leodgar polepole. "Chombo ni cha wenye boti. Injini ni yetu, na sisi tuliing'oa tukaihifadhi ndani."

"Sikuulizi vitu ni vya nani. Nauliza kazi."

Alitazama ramani yake kana kwamba pini mojawapo ingemjibu. Honorata hakumharakisha. Alikuwa anaanza kuliona lile jambo, nalo lilimhuzunisha zaidi ya kumkasirisha: watu watatu waliketi wakagawana mbao, injini na wageni, wakapigiana makofi, na haja ya mbao kupata maji haikuangukia fungu la mtu.

"Mzee Swaibu alikuja hapa wiki iliyopita," alisema Leodgar. "Alitaka tuahirishe. Alitaka kuizamisha."

"Kuizamisha?"

"Ndivyo wanavyofanya. Boti ikikaa nchi kavu wanaijaza mawe, wanailaza chini ya maji hapo ufukweni, siku kadhaa. Wanasema inakunywa. Nikamwambia, Mzee, mawakala wanafika na treni. Kila gazeti linaandika Kigoma ni vita na wakimbizi. Wewe unataka kitu cha kwanza wanachokiona kiwe boti ya mradi iko chini ya maji, imejaa mawe? Nilidhani ni mila tu, Afande. Nilidhani ni kama kuchinja mbuzi, unaweza kufanya hata baadaye."

"Akasemaje?"

"Akasema ataona la kufanya."

"Na haya hukuyaandika kwenye maelezo yako."

"Sikuulizwa. Nilipofika kituoni mlikuwa na mtu tayari."

Nje, Bariki aliwasha Land Rover kisha akaizima. "Basi ni hivi, Afande. Mzee kakataliwa, kamwita fundi wake Ijumaa azibe nyufa harakaharaka. Asumani kaziba ovyo. Wa pili ni yeye yule wa kwanza."

Ilikuwa hoja nzuri, na iliendana na patasi. Honorata aliipima, akaona sehemu moja tu isiyokaa sawa. Mtu aliyetia mawese mara ya kwanza angejua, kuliko mtu yeyote, kwamba pamba kavu haitakaa. Angeukubali vipi upuuzi huo?

*

Asumani aliletwa kutoka mahabusu akiwa peku. Alikaa akaficha mkono wa kushoto mapajani, umefumbwa. Tangu akamatwe hakuwa amejibu lolote zaidi ya jina lake na la baba yake, na Bariki alikwisha kuandika hilo kama dalili ya hatia.

"Mzee Swaibu aliyekutaja ndiye mwenye nyumba unayokaa," alisema Honorata.

"Ndiyo, mama."

"Mna ugomvi?"

"Hapana. Ule muzee, siku tulivuka, boti yetu ilishindwa kule katikati. Ni yeye alitutoa kwa maji. Bibi yangu alizaa mule kwake, kwa chumba chake. Ugomvi gani?"

"Boti ulijenga wewe?"

"Ni miye."

"Na pamba kavu?"

Aliposikia neno "kavu" uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyeonjeshwa kitu kichungu, na Honorata akaiona ile hoja ya Bariki ikifa palepale.

"Asumani. Kesho utasomewa shitaka la kuua. Unajua mwisho wake ni nini?"

"Najua."

"Mkeo anajua?"

Asumani aliusukuma mkono wa kushoto ndani zaidi ya mapaja.

"Fungua mkono huo."

Bariki alisogea, Honorata akamzuia kwa kichwa. Mwishowe vidole vilifunguka vyenyewe, kimoja kimoja, kwa uchovu. Kidole cha shahada kilikuwa cha zambarau mpaka kwenye fundo la pili. Wino wa aina hiyo Honorata aliuona mara ya mwisho siku ya kupiga kura. Hautoki kwa sabuni wala kwa mchanga, na kidole kilionyesha kwamba vyote vimejaribiwa.

"Bariki, piga redio Lugufu. Uliza kambi ya wakimbizi walihesabu watu lini."

Sajenti hakukawia. Walihesabu Ijumaa. Geti lilifungwa alfajiri, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka mpaka Jumamosi, kwa sababu safari zilizopita watu walihesabiwa wakatoka wakarudi kuhesabiwa tena. Kila aliyepita mezani alichovya kidole.

"Ijumaa alasiri ulikuwa Lugufu," alisema Honorata.

"Usipohesabiwa, wanakata karatasi ya chakula. Tulienda usiku wa Alhamisi, na bibi na mtoto. Nilirudi Jumamosi. Nilikuta watu banalia."

"Mzee hukumuaga?"

"Kwenda kuhesabiwa si kitu ya kutangaza, mama. Jirani akijua uko na karatasi ya kule, atasema unakula pawili. Tunatoka kimya, tunarudi kimya."

"Ungetuonyesha kidole hicho Jumapili, ungelala kwako. Kwa nini ulikificha?"

Asumani alikitazama kidole chenyewe. "Mungeuliza: basi ni nani alifanya ile kazi? Na jibu iko moja tu. Mtoto wake amekufa. Nimuongezee nini tena?"

Bariki, aliyekuwa ameshika kalamu tayari kuandika, aliiweka mezani. Honorata alijisikia vibaya, na hakujificha. Alimwambia Asumani kwamba polisi wamemkosea. Asumani aliitikia kwa heshima, kama mtu aliyesikia habari isiyomhusu sana.

*

Ujiji, nyumba ya Mzee Swaibu ilikuwa na mkeka wa wafiwa barazani bado. Hitima ilikuwa imesomwa na watu wametawanyika. Mzee aliketi peke yake ameegemea ukuta, tasbihi mkononi. Ndani sauti za vyombo zilisikika; mkewe, Mwasiti, alikuwa akiosha masinia ya watu ili yarudishwe. Honorata alivua viatu, akajifunika khanga kichwani, akamwacha Bariki kwenye gari.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

"Poleni tena na msiba."

"Tumeshapoa. Kesho mnampeleka Asumani kizimbani?"

"Ndiyo maana nimekuja. Ijumaa ulimwona wapi?"

"Pale kwenye boti. Alasiri, watu wametoka kuswali."

"Ameshika patasi."

"Ameshika patasi."

"Ijumaa Asumani alikuwa kambini Lugufu, Mzee. Walikuwa wanahesabiwa, na geti limefungwa. Kidole chake kina wino."

Tasbihi ilisimama. Honorata alitegemea abishe, au akasirike, au amwite Mungu shahidi. Mzee alitazama upande wa ua, kwenye mlango wa chumba cha uani alichokaa Asumani.

"Hakuniaga," alisema.

Alisema kwa masikitiko ya kweli, kama baba mwenye nyumba aliyevunjiwa heshima, na kwa kitambo hakuonekana kujua kwamba kwa neno hilo amekwisha kukiri kwamba hakumwona. Honorata alifungua kitambaa akaweka pamba mbili juu ya mkeka.

"Hii yenye mawese ni yake. Hii nyeupe ni ya nani?"

"Yangu."

Vyombo vilinyamaza ndani. Mzee hakugeuka.

"Nilikwenda kwa meneja, akakataa," alisema. "Nikaenda halmashauri. Ofisa akaniambia, suala la tarehe liko kwa meneja. Nikarudi kwa wenzangu wenye boti. Wakaniambia, Mwenyekiti, Jumamosi tusipokuwa tayari watakodi boti ya mtu mwingine, ile ya plastiki, na sisi tutabaki kutazama wageni wakipita. Miaka mingapi tunawatazama wakipita? Nikaona mimi ndiye nitakayewaharibia wote. Nikaingia chumbani kwa Asumani, sikumkuta, nikadhani yuko vibaruani. Nikachukua patasi yake. Nyufa zilikuwa unapitisha kidole. Nikazishindilia pamba, nikamwita mtu wa kupaka rangi. Nilijiambia itashika mpaka jioni."

"Ulijua haijanywa."

"Nimezaliwa kwenye boti, mwanangu. Nisijue?"

"Na Asumani? Mtu uliyemtoa majini mwenyewe?"

"Askari walikuja hapa Jumapili. Ndani wanamwosha marehemu mtoto wangu. Wakanionyesha patasi, wakaniuliza ni ya nani. Nikasema ya Asumani. Ni kweli, ni yake. Wakaniuliza, ulimwona nayo?" Alipapasa shanga bila kuzihesabu. "Baraza limejaa watu, wote wananitazama mimi. Lile swali lilikuwa limekwisha kuja na jibu lake. Nikasema ndiyo."

Honorata aliwajua askari hao. Mmoja alikuwa yeye. Alikumbuka jinsi lile jibu lilivyowaridhisha, na walivyoondoka haraka ili wafiwa wapumzike.

"Nitaandika yote, Mzee," alisema. "La meneja, la halmashauri, na la wenzako. Lakini sheria haijui kukamata kamati. Itauliza mkono wa nani ulishika patasi."

"Mkono ni wangu. Andika. Kuna moja hujaniuliza."

"Lipi?"

"Asubuhi ile, wageni wanapanda, Ikram alishuka akanijia pale mchangani. Anaijua kazi, nilimfundisha mwenyewe. Akaniuliza kwa sauti ndogo, wageni wasisikie: Baba, chombo kimekunywa?"

Honorata hakuandika.

"Nikamwambia, kimekunywa, baba. Nenda."

Pazia la mlango lilisogea. Mwasiti alikuwa amesimama na sinia mkononi, maji yanachuruzika kwenye kiwiko, na haikuwepo haja ya kumuuliza amesikia kuanzia wapi. Honorata alinyanyuka nusu, akiogopa kelele, akiogopa mama huyu aanguke. Mwasiti aliweka sinia chini kwa uangalifu, lisigonge.

"Inuka, Swaibu," alisema. "Wa kwetu ameshazikwa. Asumani ni mtoto wa watu. Inuka ukamtoe."

Mzee Swaibu aliweka mkono ukutani, akainuka, akaanza kutafuta kandambili zake.